Lodi na Mwili wa Kuazima

Wanjiru, aliyerithi meza yangu, ameniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nikamuuliza niandike kwa lugha gani. "Anti, andika tu Kiswahili," akasema, "hao wengine watajipanga." Basi naandika kwa Kiswahili, tena kwa makusudi. Nikiandika kwa Kiingereza, Nyumba italichapa andiko langu kwenye jarida lake pamoja na picha ya Lodi, na mimi na Lodi tumeshakaa pamoja vya kutosha.

Nyumba ndivyo tulivyozoea kuliita sote tuliofanya kazi mle. Ni jumba la matofali mekundu hapa Toronto, limejaa picha zilizochapwa kwenye karatasi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na karibu zote zinamhusu mtu mmoja. Mtu huyo ndiye Lodi, ndivyo tulivyolitamka neno 'Lord', cheo chake. Jina lake kamili sitaliandika, limekwisha kuandikwa kwenye vibao vingi vya shaba. Alikuwa mwanasiasa wa Kiingereza wa ukoo mkubwa. Uwaziri aliupata kwa kuwa baba yake alikuwa nao, nishani aliipata kwa vita alivyovisikia akiwa mezani, na bungeni alikaa miaka mingi akipinga kila jambo ambalo leo watoto wanafundishwa kuwa ni jema. Kanada hakuikanyaga. Ila kuna familia tajiri ya hapa inayosema imetokana naye, nayo ndiyo iliyojenga Nyumba, ikanunua picha, ikatuajiri sisi tuzitunze. Nimemtunza Lodi miaka thelathini na mmoja. Kuna wake ambao hawakuwatunza waume zao hivyo.

Ya vyeo nayaruka. Changu kilibadilishwa jina mara nne na meza ikabaki ile ile, karibu na dirisha linalovuja.

Mimi ni mtoto wa Moshi. Baba alikuwa na duka la kutia picha kwenye fremu, na wateja wake wakubwa walikuwa ofisi za serikali. Mkuu mmoja akihamishwa, karani wa ofisi alikuja na picha ya mkuu mpya, baba akamtoa wa zamani, akamwingiza mpya kwenye fremu ile ile, akapiga misumari minne midogo, kazi ikaisha. Nilikulia nikidhani heshima ya wakubwa ni jambo la misumari minne. Nilipofika Toronto nilipata kazi kwenye duka la fremu mtaa wa Don Mills, nikitia kwenye kioo vyeti vya wahitimu na jezi za wachezaji wa hoki. Nilikuwa na mkono mzuri. Siku moja akaja mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akatazama kona za fremu yangu kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimewahi kupika uji.

Huyo alikuwa Halina, fundi mkuu wa karatasi wa Nyumba. Alitoka Poland, katika miaka ambayo mtu wa huko alijifunza mapema kuweka akiba ya maneno. Kucheka kwake kulikuwa kwa pua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya dada yangu na viatu visivyofaa theluji. Halina hakunionyesha picha hata moja. Alinipa sufuria, mwiko na pakiti ya wanga wa ngano. "Pika," akasema. Nikapika kama mama alivyonifunza, nikikoroga bila kuacha, mpaka ukawa laini na unang'aa. Akachovya kidole, akausugua kati ya vidole viwili.

"Huu ni wa kula," akasema. "Mimi sitaki wa kula. Uchuje mara tatu."

Nikauchuja mara tatu kwenye chujio la manyoya ya farasi, nikitumia nguvu zote za bega, mpaka ukatoka mlaini kuliko krimu ya uso. Hiyo ndiyo gundi yetu. Inashika karatasi miaka na miaka, na ukitaka kuibandua unaweka maji tu, karatasi inaachia bila kinyongo. Wanjiru, usinunue ya chupa. Anayekuambia ya chupa inatosha hajawahi kuibandua.

Jambo la pili alilonifunza ni kuhusu glavu. Wageni wanapenda kutuona tumevaa glavu nyeupe, na kwenye picha za jarida tunazivaa. Mpiga picha akiondoka tunazivua, tunanawa mikono kwa sabuni, tunarudi kazini. Kidole kitupu kilicho safi kinahisi mahali karatasi inapoanza kuchanika. Glavu haihisi kitu, ndiyo maana wakubwa wanaipenda.

Jambo la tatu ndilo lililonifikisha hapa nilipo, kwa hiyo nitalieleza vizuri. Kila picha ina faili. Ndani ya faili fundi anaandika kila alichoitendea picha ile: ameiosha lini, kwa maji gani, ameitia kiraka wapi. Na akikosea anaandika kosa lake kwa mkono wake na kutia sahihi. Hakuna anayemshurutisha. Bila hivyo fundi wa kesho atashindwa kujua kama doa analoliona limeletwa na mchapaji, na wakati, au na mjinga aliyemtangulia. Halina alisema faili ni mahali pekee katika Nyumba ambapo hakuna mtu anayejipendekeza.

Mwaka wangu wa kwanza nilitia sahihi kosa. Lazima mjue kwamba Nyumba ina picha za aina mbili. Ziko za heshima, ambazo Lodi mwenyewe alizilipia: amesimama, pazia nyuma, mbwa miguuni, macho yanatazama mbali kama mtu anayesubiri kuletewa chakula. Hizo zinatundikwa ghorofani. Na ziko za dhihaka, zilizouzwa kwenye madirisha ya maduka ya London, watu wakajazana mtaani kuzicheka. Humo Lodi ni bata bukini anayeatamia mawe juu ya sanduku la hazina. Humo amelala bungeni, panya wamezaa ndani ya wigi lake. Humo ana mikono miwili mirefu kuliko ya nyani, na kila mkono umo katika mfuko wa mtu mwingine. Hizo ziliwekwa kwenye droo ya chini kabisa, nyuma ya mlango, na wakurugenzi wote niliowahi kuwafanyia kazi waliziita za kihuni. Mimi na Halina tulizipenda. Karatasi yake ilikuwa ya bei nafuu na rangi ilipakwa haraka haraka na mikono ya watu wasiojulikana, lakini zilikuwa na uhai, na kila moja ilisema kweli zaidi kuliko ghorofa yote ya juu.

Sasa, rangi iliyopakwa kwa mkono lazima uijaribu kwa tone moja la maji kabla hujaiosha. Kwa picha moja ya dhihaka nilijaribu buluu, nikajaribu kijani, nikasahau nyekundu. Nilipoishusha picha majini, wekundu wa koti ukapanda taratibu mpaka usoni mwa Lodi. Halina akaja, akatazama, akapumua kwa pua.

"Ameona haya," akasema. "Mara ya kwanza maishani mwake. Andika kwenye faili."

Nikaandika. "Nilisahau kujaribu nyekundu. Kosa ni langu." Nikatia sahihi. Mpaka leo liko humo, na silionei aibu.

Miaka ikaenda. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, kila mmoja na neno lake jipya alilolipenda. Mmoja alitaka "mwingiliano", mwingine alitaka "safari ya mgeni". Halina alistaafu, akazeeka, na miaka sita iliyopita tukamzika siku ya mvua. Nikabaki mimi na meza.

Katika miaka yangu ya mwisho waliajiriwa Wanjiru, aje ajifunze kwangu, na Furaha, aje kutembeza wageni. Furaha ni mtu wa Bukavu, ana mke na mtoto mchanga, anakaa mtaa wa Jane and Finch na kusafiri saa nzima kuja kazini. Mkataba wake ni wa miezi sita sita. Amelisoma andiko hili kabla yenu na amekubali jina lake libaki. Sisi watatu tulikula chakula cha mchana pamoja kule chini, mimi na Kiswahili changu cha Moshi, Wanjiru na cha kwake cha Nairobi ambacho nusu yake nilihitaji kutafsiriwa, na Furaha aliyetucheka sote wawili kwa Kifaransa.

Fahari ya Nyumba ilikuwa picha moja kubwa ya heshima, yenye upana wa meza ya watu wanne. Lodi amesimama na nishani kifuani. Mkono wa kulia ameuweka juu ya kitabu ambacho kwa hakika hakukisoma. Wa kushoto hauonekani, mkono wa koti umekunjwa na kubanwa kifuani. Watembezaji wote walifundishwa kusema kwamba Lodi ameingiza mkono ndani ya koti, ishara ya mtu mwenye kiasi na unyenyekevu. Furaha alilisema vizuri kuliko wote, mpaka na yeye akiingiza mkono ndani ya koti lake. Wageni walikuwa wakiitikia kwa vichwa kwa heshima. Wengine walikwenda nyumbani, naamini, wakajaribu mbele ya kioo.

Picha hiyo ilikuwa nyeusi kwa moshi wa karne mbili za mahali pa moto, na Halina hakuruhusu iguswe. Kwenye faili lake aliandika kwa mkono wake: "Isioshwe. Karatasi ni dhaifu." Mkurugenzi wa mwisho, huyu wa sasa, hakusoma faili. Familia ilikuwa imelipia ukarabati wa ukumbi wa juu, na yeye aliitaka picha ing'ae siku ya ufunguzi. Nilimwonyesha maneno ya Halina. Akasema hayo yalikuwa ya zamani, na maji ya siku hizi ni bora. Sijui aliyapata wapi hayo maji ya siku hizi.

Nikaitoa kwenye fremu. Hapo ndipo nilipostaajabu mara ya kwanza. Karatasi ilikuwa imara kama ngozi ya ngoma. Niliikunja pembe kidogo, nikaipima kwa kidole, nikaijaribu kwa tone mahali kumi. Haikuwa na udhaifu wowote. Nikaishusha majini na Wanjiru akiwa upande wa pili, na maji yakawa na rangi ya chai ya rangi. Tukabadili maji mara nne. Tukailaza kati ya karatasi za kunyonya maji, tukaweka mbao na vyuma juu, tukaiacha siku tatu.

Tulipoifunua, karatasi ilikuwa na weupe wa maziwa, na kuzunguka kichwa cha Lodi kulikuwa na doa la kijivu, pana, lenye umbo la kichwa kingine kikubwa zaidi.

Nilidhani nimeharibu. Wiki tatu kabla ya kustaafu, mbele ya mwanafunzi wangu, nimemharibu mtu yule yule niliyeajiriwa kumtunza. Wanjiru akanisogezea kiti. "Anti, kaa kwanza," akasema. "Halafu tuangalie vizuri."

Nikachukua kioo cha kukuzia. Doa la maji hukaa ndani ya karatasi kama ukungu, halina mistari. Hili lilikuwa na mistari. Mikwaruzo mamia kwa mamia, myembamba kuliko nywele, na yote ilikuwa ya wino, imechapwa. Kwa asiyejua kazi hii: picha hizi zilichongwa kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa wino, likagandamizwa kwenye karatasi. Shaba ilikuwa ghali. Mtu aliyechongwa akishuka hadhi au akifa, mchapaji hakutupa bamba. Alichukua kikwangua, akamkwangua kichwa, akachonga cha mwingine palepale. Na asipolainisha shaba vizuri, mikwaruzo ilishika wino na kuacha kivuli. Chini ya sikio la Lodi nikaona ncha za nywele za wigi la mtu mwingine.

Nikashusha kioo mpaka kifuani. Mkono wa koti ulikuwa umebanwa kwa pini, na pini yenyewe ilichongwa waziwazi. Ndani ya mkono ule hamkuwa na mkono. Mwili ulikuwa wa askari aliyeupoteza vitani. Lodi, aliyekuwa na mikono miwili mizima ya kuingiza mifukoni mwa watu, alikuwa amebandikwa juu ya mabega ya kilema wa vita, pamoja na nishani ya yule kilema, na kwa miaka thelathini tuliwaambia wageni kwamba ni unyenyekevu. Nilicheka mpaka Wanjiru akaanza kuogopa. Mama yangu alikuwa akisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Sijui angesema nini kuhusu kifua cha kuazima.

Ndipo nikakumbuka droo ya chini. Nikaenda nikapiga magoti nyuma ya mlango, nikaitoa picha moja ya dhihaka ambayo nilikuwa nimeipiga brashi mara ishirini bila kuielewa. Mchongaji yuko mezani kwake, anamkwangua askari kichwa, na mkono mmoja wa koti la askari unaning'inia mtupu. Pembeni Lodi amekaa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa chake amekipakata mapajani, anasubiri zamu. Watu wa London walijua. Walijua siku ile ile picha ilipotoka, wakasimama dirishani wakacheka. Sisi ndio tuliokuwa hatujui, sisi wenye faili.

Isipokuwa Halina. Nilirudi kusoma maandishi yake: "Karatasi ni dhaifu." Yule mwanamke hakuwahi kukosea karatasi. Alikuwa na kioo kama changu na droo kama yangu, akaona, akaandika uongo katika mahali pekee ambapo hakuna anayejipendekeza. Nilimkasirikia marehemu kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamfikiria mwanamke mgeni, asiye na mtu hapa mjini, anamwendea mkurugenzi wa zamani kumwambia kwamba babu wa waliowaajiri wote wawili ni kichwa cha kupandikiza. Nikaelewa. Kumsamehe kulichukua muda zaidi.

Mimi nikaenda. Nilikuwa na wiki mbili na nusu za kazi na hasira nyingi. Nikaweka picha zote mbili mezani kwa Mkurugenzi, nikampa kioo, nikamwonyesha mikwaruzo, pini na mkono mtupu. Alitazama kimoja kimoja. Nilitegemea abishe.

"Naona," akasema. "Uko sahihi."

Kumbe kuelewa kwake ndiko kulikonipa taabu. Angekuwa mjinga ningemvumilia, wajinga nimewazoea.

"Familia itakuja baada ya siku kumi na mbili," akaendelea. "Siwezi kuwaambia hivi. Lakini doa linaonekana, na wataliuliza." Akafungua droo yake, akatoa fomu ya faili, akaigeuza nisome. Ilikuwa imekwisha kujazwa. Ilisema doa limetokea wakati wa kuoshwa, kwa kosa la fundi. Palibaki nafasi ya sahihi.

Nikamuuliza, "Fundi yupi?"

"Nasim, unastaafu. Haitakudhuru. Hakuna atakayekuajiri tena, kwa hiyo hakuna atakayekunyima kazi."

"Na mwanafunzi wangu aliyesimama upande wa pili wa beseni?"

"Hatutamtaja." Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. "Ni sahihi tu. Wewe mwenyewe uliwahi kusaini kosa, nimeona kwenye faili la zamani."

Basi alikuwa amesoma faili hatimaye, na katika yote yaliyomo akachagua lile. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu alitaka haki yenyewe niitoe mimi, kwa kalamu yake. Nikamwambia lile kosa nililisaini kwa sababu nililifanya. Nikachukua fomu tupu kutoka kwenye rafu yake, nikaandika palepale: "Kivuli ni cha kichwa cha kwanza. Mwili si wa Lodi. Karatasi ni imara." Nikatia sahihi, nikaisukuma upande wake. Hakuigusa. Tulitazamana juu ya fomu mbili mpaka simu yake ikalia, akaipokea kwa shukrani ambayo hakuificha.

Siku ya kuniaga waliagiza keki yenye uso wa Lodi uliochapwa kwa sukari. Mimi nilipewa kipande chenye wigi. Zawadi yangu ilikuwa nakala ya picha kubwa, iliyopigwa kabla haijaoshwa, kwenye fremu mbaya ambayo baba asingeitoa nje ya duka. Iko chini ya kitanda changu hapa Don Mills, uso umeelekea sakafuni. Mkurugenzi alitoa hotuba kuhusu uaminifu.

Wiki mbili baada ya hapo Wanjiru alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejificha ngazini.

"Anti, nimefungua faili la ile kubwa. Karatasi yako haimo. Kuna nyingine. Inasema ni wewe uliharibu, na ame-sign yeye, 'kwa niaba ya fundi.'"

"Umeisoma vizuri?"

"Mara tatu. Hiyo ni uonevu, Anti. Nifanyeje?"

Nikamwambia asifanye kitu, bado yuko kwenye majaribio ya cheo kipya. Nilipokata simu nilikaa jikoni, sikuwasha hata jiko. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuomba jina langu liwekwe popote, na sasa limewekwa na mtu mwingine, chini ya kosa la mchongaji aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa. Kesho fundi mgeni atafungua faili, atasoma, ataamini. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha kila mtu: faili uliamini.

Kisha akapiga Furaha.

"Mama Nasim, minaomba pardon," akaanza, hata salamu hakuimaliza. "Leo kuko mgeni mumoja aliuliza ile doa ni ya nini."

"Ukamwambiaje?"

Nilisikia mtoto wake akilia nyuma. "Nilisema vile balinituma. Nilisema fundi alikosea kuosha. Mama, mukataba yangu inaisha mwezi wa kesho. Sikulala."

Nilitaka kumkaripia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, tena makali. Badala yake nikamwambia amefanya sawa, ashike kazi, ambembeleze mtoto. Nikaweka simu chini, na hasira yangu yote ikakosa mahali pa kukaa.

Ilizunguka wiki nzima. Jumatano iliyopita nikavaa koti langu zuri, nikapanda basi, nikaenda Nyumba kama mgeni. Nilikata tiketi ya wazee. Mlinzi aliyekuwa akinisalimu kila asubuhi aliniangalia tiketi, akaniangalia usoni, akaninong'oneza nipite tu. Nikajiunga na kundi la Furaha, watu kama kumi na tano, nikasimama nyuma. Nilikuwa na mpango. Tukifika mbele ya ile picha nitanyoosha mkono na kuuliza, kwa Kiingereza kilichonyooka, mbele ya watu wote: hilo doa ni la nini? Nilifanya mazoezi ya swali hilo njia nzima kwenye basi. Nilitaka nisikie jina langu likichafuliwa nikiwa nimesimama pale, halafu niwaambie mimi ndiye.

Furaha aliniona tulipokuwa kwenye ngazi. Akarudia sentensi aliyokwisha kuisema, akaendelea.

Ukumbi mpya unang'aa vibaya sana. Picha kubwa iko katikati chini ya taa, na doa linaonekana kutoka mlangoni. Mlangoni pale pale alisimama Mkurugenzi na bibi mmoja wa ile familia, mwenye skafu ya hariri, wakizungumza kwa sauti ya chini. Furaha alieleza kuhusu pazia. Akaeleza kuhusu mbwa. Nikanyoosha mkono.

Watu wote wakageuka kunitazama. Mkurugenzi naye akageuka, akanitambua, uso ukambadilika. Furaha alikuwa ameishika kadi yake ya kazi iliyoning'inia shingoni, ameikamata kwa vidole vyote kama mtu aliyeshika nguzo ya basi. Nikamwona mke wake, na mtoto, na saa nzima ya basi kwenda na kurudi. Nilikuwa nimekuja kufanya kwa Furaha kile kile nilichofanyiwa: kumsimamisha mbele ya watu ili kichwa changu kikae pazuri.

Nikauliza choo kiko wapi.

Mtu mmoja akacheka. Mkurugenzi akapumua, akamgeukia yule bibi. Furaha akaelekeza kwa mkono: kushuka ngazi, kisha kushoto. Mkono wake ukabaki umenyooshwa vile vile hata alipokwisha kusema. Kisha akaushusha, akawageukia wageni.

"Kabla hatujaendelea," akasema kwa Kiingereza chake kizuri, polepole, kwa sauti ya kufika mlangoni, "wiki iliyopita niliwaambia wageni kwamba doa hili ni kosa la fundi. Nilisema uongo. Fundi hakukosea. Sogeeni karibu. Nataka kila mmoja wenu autafute mkono wa kushoto wa Lodi."

Wakasogea. Mzee mmoja akavaa miwani. Mlangoni mazungumzo yakanyamaza, nikasikia viatu vya Mkurugenzi vikija kwa haraka juu ya mbao mpya. Nilifurahi na nikamwogopea Furaha, vyote kwa pamoja, na machozi yakaanza kunilengalenga. Sikutaka anione. Nikashuka ngazi, nikaenda kushoto, maana nilikwisha kuuliza njia.